Turubai la Kuamkia Majilio

Nyuma ya Stesheni,
Kilosa.
4 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Onesphory,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na wifi Scholastica na watoto. Kifua kimetulia? Mara ya mwisho uliniambia chaki za shule zinakukaba na baridi ya Kasulu haikuachi. Kunywa tangawizi, usijifanye kijana. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima kabisa, na nakuambia hilo mapema kwa sababu najua ukiona bahasha badala ya simu moyo utakupiga paa. Anakula, anapalilia bustani yake pale Kisanga, anagombana na mbuzi wa jirani. Mimi pia sijambo, mwili hauna tatizo.

Najua utashangaa kwamba mimi, Fausta, nimeandika barua. Usishangae sana, siandiki. Nimejifungia stoo, naiambia simu na yenyewe inaandika. Nikimaliza inanisomea, na pale ilipokosea naikaripia tunaanza upya. Halafu Costancia wa steshenari atanichapia, na ameapa kwamba hatasoma, ingawa namjua. Ningeweza kukutumia sauti tu kama siku zote, ila Mama amekataa. Anasema jambo hili lisipite hewani.

Jambo lenyewe ni hili. Mama anataka uje nyumbani Kisanga Jumamosi ya kuamkia Majilio, wewe peke yako, watoto wabaki shuleni. Mimi nusu nataka uje, nusu naomba Mungu ukatae. Nitakueleza kwa nini, halafu uamue mwenyewe, maana mimi nimeshindwa.

Biashara yangu unaisikia tu kwenye simu, hujawahi kuiona. Ulipohamishiwa Kasulu mimi nilikuwa bado Fausta wa kuanzaanza. Duka la vipodozi nililifungua kwa shangwe likafa kimyakimya. Kuku nao niliwaacha katikati. Hata ule mgahawa wa Mikumi, ambao wewe ulinitumia sufuria zake, sikuufikisha mwaka. Watu walisema mvivu. Wewe ulijua si uvivu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea daftari langu jikoni wakati herufi zinanichezea machoni. Yule mama wa semina ya wajasiriamali Morogoro ndiye aliyeniambia kwamba kitu hiki kina jina, kinaitwa disleksia, na kwamba kichwa changu si kibovu, kimepangwa tu kwa namna yake. Nililia mbele za watu bila haya. Niliporudi Kilosa nikaipanga biashara kwa jinsi kichwa kilivyopangwa.

Ndipo nilipoanzisha ukuta. Stoo yangu ya maturubai na viti ina ukuta mmoja wa misumari mitupu. Mteja akija kukodi simwandiki popote. Namwambia aniachie kitu cha nyumbani kwake kisicho na kazi tena, iwe gunzi, ufunguo mbovu au kigae cha chungu. Nakifunga kitambaa, cheupe kwa harusi na kipaimara, cheusi kwa msiba, nakitundika. Misumari imepangwa kwa wiki: ya wiki hii iko kushoto, na zinazofuata zinaelekea kulia. Nikishakishika kitu na kumtazama usoni aliyenipa, nyumba yake siisahau. Mwanzoni walinicheka, mmoja akaniletea makusudi kiatu kilichotoboka. Siku hizi wamezoea, mpaka watu wa Mikumi wanapanda basi na gunzi mkononi.

Na nikajiwekea sheria moja, kwamba ukuta haubishiwi. Kilichotundikwa kinafanyika, hata nikiwa nimechoka, hata kama sikumbuki vizuri nilikitundika lini. Kaka, sheria hiyo ndiyo iliyoniponya. Tangu niifuate sijamharibia mtu shughuli yake. Vyuma vyangu vya turubai vinafika kabla mawe ya jiko hayajapangwa. Najisifu, ndiyo, kwani nani mwingine atanisifu?

Mwezi wa saba, asubuhi, nilifungua stoo nikakuta kwenye msumari wa wiki ile kifuniko cha birika, cha bluu, rangi imebanduka ukingoni, kimefungwa kitambaa cheusi. Sikukumbuka mtu kukileta. Kifuniko chenyewe nilikijua papo hapo. Kilikuwa cha Mzee Abeli wa Lumuma, yule mkulima wa vitunguu, nilikunywa chai yake mwaka jana nilipopeleka turubai la harusi ya binti yake Irine. Fundo la kitambaa lilikuwa langu, lile la kuzungusha mara mbili ambalo Baba alitufundisha kufungia mbuzi. Nikajiambia, Fausta, umepokea msiba wa watu ukausahau. Aibu ilinishika mpaka masikioni. Simu ya Mzee haikupatikana, na mtandao wa Lumuma unaujua. Nikamwita Fortunatus, dereva wangu, tukapakia vyombo kwenye kile kigari chetu cha kirikuu, tukaondoka.

Tuliwakuta uani wanakata vitunguu mikia, wanacheka. Fortunatus alishaanza kushusha vyuma. Wanawake walipoona kitambaa cheusi mkononi mwangu wakapiga yowe, kila mmoja akitafuta kwa macho ni nani hayupo. Mzee Abeli mwenyewe akatoka ndani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, na Fortunatus akaachia chuma kikamwangukia mguuni.

Nilimpa Mzee kifuniko. Aliingia ndani, akatoka na birika, akalifunika, kikakaa sawasawa. Alisema kilikuwa juu ya birika jana yake jioni. Wanawe walitaka kunifukuza kwa mapanga, na ningewaelewa. Mzee akawanyamazisha.

"Turubai limeshakuja, lifungeni," alisema. "Kama ni langu, bora nilikalie nikiwa na macho yangu."

Tukalifunga. Akaagiza wanawe wote waitwe, na Irine akaja kutoka Morogoro na mumewe Lupakisyo. Kesho yake niliporudi kuchukua vyombo, nilikuta wamechinja, wakanikalisha nile kwanza. Walikuwa wamemzunguka Mzee, kila mtu anamtazama anavyopumua, na mzee wa watu anakula zake nyama. Aliyewachangamsha ni Lupakisyo. Alikuwa mtu wa miraba minne, mcheshi, akanitania kwamba turubai langu bado linanukia pilau ya harusi yake. Baada ya chakula alijinyoosha kwenye mkeka, akasema anapumzisha macho kidogo. Irine alipokwenda kumwamsha anywe chai, hakuamka.

Sikufungua turubai siku ile. Lilikuwa limeshafungwa, viti vimeshapangwa, sufuria ziko motoni, ndugu wote wamefika. Msiba ulianza palepale bila mtu kusogeza hata kiti. Jambo hilo linanitisha kuliko kifo chenyewe. Mzee Abeli yuko hai hadi leo, ila nasikia haongei na mtu.

Tangu hapo watu wa Kilosa wananitazama kwa jicho lingine. Kirikuu ikipita, wanasimama mlangoni mpaka waone imepita nyumba yao. Fortunatus amebuni kupiga honi ya harusi njia nzima, hata tukiwa tunarudisha madawati ya kanisa, tunaonekana vichaa wawili. Wateja hawakupungua, maana turubai lisilovuja huku ni langu tu, lakini sasa wanataka waone kwa macho yao kitambaa cheupe kikifungwa, na wanaondoka haraka. Nilibadilisha kufuli la stoo. Funguo zote ninazo mimi, nazivaa shingoni.

Mwezi uliopita ukuta ukanipa kijiko. Ni kijiko cha chai chenye tundu kwenye mpini, na hata wewe ungekijua. Aliyewahi kunywa chai kwa Bi Joha pale Mikumi anakijua: alivitoboa vyote akavifunga kwa kamba mezani ili madereva wa malori wasiondoke navyo. Kitambaa kilikuwa cheusi na fundo lilikuwa langu. Kufuli lilikuwa zima.

Safari hii nilibisha. Nilikwenda darajani nikakitupa mtoni Mkondoa, nikakiona kinazama. Nikampigia Bi Joha kumjulia hali. Akanicheka, akauliza leo jua limetokea wapi mpaka nimemkumbuka, akasema yeye mzima ila kuna mshenzi kamwibia kijiko. Nilicheka naye. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini, Kaka? Mwanamke yule alinilisha bure wakati mgahawa wangu unakufa mbele ya wake. Nikabaki nimekaa stoo, simu iko mapajani, nikisema likitokea lolote nitakimbilia kwake.

Bi Joha alianguka jikoni kwake mchana, hakuna mtu karibu. Binti yake Yusrah alikuwa Dar. Wateja walidhani ametoka kidogo, wakakaa wanasubiri chai na wengine wakaanza kunung'unika, mpaka mmoja akachungulia ndani. Yusrah aliniambia baadaye kwamba alinipigia na kunipigia aombe turubai, simu inaita mpaka inakata. Simu ilikuwa mapajani mwangu na haikulia. Siku ya maziko mvua ya kwanza ilinyesha, na watu wazima walisimama uani wamejifunika mifuko ya saruji. Nilifika wakiwa wanarudi kutoka makaburini. Yusrah alinikumbatia akanishukuru kwa kuja, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kwa hiyo kuna jambo moja nimelijua, na nimeligeuza pande zote. Turubai haliui. Nikienda kifo kinakuja, nisipokwenda kinakuja. Ila Lumuma mtu alikwenda akiwa ameshiba, katikati ya watu wake, kicheko kingali mdomoni. Mikumi mtu alikwenda peke yake na maji ya chai yanachemka. Sijui ni nani anayetundika. Anaujua ukuta wangu, anajua na mkono wangu unavyofunga. Kama ni mteja, basi ndiye mteja wangu pekee asiyebadilisha tarehe.

Sasa sikia. Jumatano iliyopita nilifungua stoo, msumari wa wiki hii uko mtupu, nikamshukuru Mungu. Halafu nikatazama kulia. Kwenye msumari wa wiki ya kuamkia Majilio kuna kitambaa cheusi. Kaka, hakuna mtu duniani anayekodi msiba wiki kadhaa mbele. Misiba yote huwa natundika kushoto. Nilisimama pale mlangoni mpaka Fortunatus akanishika bega.

Kilichofungwa ni kitufe cha redio ya Baba. Kile cha kahawia cha kuongezea sauti, chenye alama za meno yako, kile ulichokitafuna utotoni mpaka Baba akakutandika. Redio iko kwa Mama, anaisikiliza kila siku. Mwaka huu mimi ndiye niliyeipeleka kwa fundi na kukibandika kitufe kwa gundi. Kwa hiyo ni cha Mama, ni chako na ni changu. Nimekigeuzageuza nikitafuta kinamtaka nani kati yetu. Hakisemi. Ukuta huwa unataja nyumba tu.

Nilikwenda Kisanga siku ileile, nimejiandaa kumficha. Nilisikia redio tangu barabarani, inapiga kelele kijiji kizima. Mama akafungua mlango, hata shikamoo yangu hakuingoja, akasema, "Umeniletea kitufe changu?" Nikamweleza yote, ya Lumuma na ya Mikumi, nikilia kwa kwikwi. Alinisikiliza huku anakichomeka kitufe mahali pake. Akapunguza sauti, nyumba ikawa kimya.

Nilimwambia sileti turubai na wewe huitwi. Lupakisyo naye aliitwa akaja, na kama asingeitwa pengine leo angekuwa Morogoro anaendesha bajaji yake. Mama akaniuliza, "Na kwa Joha, nani aliitwa?"

Ndipo aliposema maneno haya, nayaleta kwako yalivyo, sijaongeza wala kupunguza: "Kama ni mimi, nataka niwe nimewaona. Kama ni mmoja wenu, hapo ndiyo kabisa nataka niwe nimemwona. Mwite mwanangu."

Usidhani nimekaa tu. Nilimbeba Mama mpaka hospitali ya Berega, safari nzima analalamika kwamba nampotezea siku ya shamba. Walimpima kila kitu wakasema ana moyo wa msichana. Nikapimwa na mimi, sina kitu. Wewe sijui. Ndiyo maana nimeanza barua na kifua chako, na nakuomba kwa jina la Baba uende kesho ukapimwe, usingoje mwisho wa mwezi.

Nilijaribu na ujanja mwingine. Kitambaa kilibaki msumarini bila kitu, nikakifungua nikafunga cheupe. Asubuhi nilikuta cheusi kimerudi. Kile cheupe kilikuwa chini ya msumari, kimekunjwa pembe kwa pembe, namna ninavyokunja mimi mwenyewe baada ya harusi. Funguo zilikuwa shingoni mwangu.

Naogopa, Kaka. Nimesema, na sioni haya. Nikikuita na ikawa barabarani, au ikawa mezani kama Lupakisyo, wifi Scholastica hatanisamehe na mimi sitajisamehe. Nikikuambia ubaki na ikawa Mama, utafika kuzika, na utaniuliza maisha yote kwa nini sikukuambia. Ikiwa mimi, basi nitakuwa nimekunyima hata kuniaga. Kila ninapoligusa linachoma. Wewe una kichwa kizuri kuliko changu, lakini sidhani kama hapa kinasaidia.

Kwa upande wangu kazi naifanya. Jumamosi hiyo nimewakatalia watu wa harusi mbili, wenyewe wamenuna, mmoja amedai kitasa chake. Turubai nitalifunga kwa mkono wangu, lile jipya la mistari ya kijani ambalo halijawahi kwenda popote. Sitaki likufunike lililomfunika mtu. Fortunatus atalishusha na kuondoka, Mama hataki mtu mwingine aonekane pale. Kuku ameshamchagua, ni yule jogoo mkorofi, na anasema ndizi zitakuwa zimekomaa.

Anataka viti vitatu tu. Nilitaka nivipange tukae tunatazamana, akakataa. Atakaa katikati, wewe kulia kwake, mimi kushoto. Nilipomuuliza kwa nini, alinishika kiganja akakibana. Alisema akiwa ametushika mikono wote wawili, hata akisinzia atajua ni upi umeanza kupoa.

Basi, Kaka, uamuzi ni wako, na lolote utakaloamua sitakulaumu. Nisalimie wifi Scholastica, mwambie lolote utakaloona linafaa, ila usimwambie hili. Nibusie Imani na Goodluck, waambie shangazi yao anawatafutia zawadi. Fortunatus anakusalimu, na mguu wake umepona. Mama anakusalimu sana, anasema uje na sweta, jioni Kisanga kumeanza kupoa.

Mungu atufikishe Jumamosi hiyo sote watatu, na Jumapili yake atuamshe sote watatu.

Wako akupendaye daima, dada yako,

Fausta